Super Mario Bros. ya 1985: kaseti ya kilobaiti 40 ambayo kidole hakiichoki

Jambo yenu wote, wa mitaa yetu ya Kenya, Katuba na Kamalondo, na ninyi mnaotutazama kutoka mbali na Lubumbashi. Kwenye tele hii ya nyuma tumefungua Super Mario Bros., nivo, yaani hatua, ya 1-1, na Mario amesimama tu. Hakuna anayeshika maneti, kile kidude cha mkononi chenye vitufe. Saa ya mchezo ilikuwa 400, nayo saa ya simu nimeiwasha palepale. Mwacheni asimame, pale mwanzoni hakuna adui anayemfuata. Tutamrudia.

Mchezo wenyewe ulitoka Japani tarehe 13 Septemba 1985, kwa mashine ya Nintendo iitwayo Famicom. Shigeru Miyamoto na Takashi Tezuka ndio waliousanifu, muziki akatunga Koji Kondo. Kaseti nzima ni kilobaiti 40: 32 za programu, 8 za picha. Picha moja tu mnayotumiana kwenye simu inaizidi kaseti hii mara nyingi. Ndani ya nafasi hiyo kuna dunia 8 zenye nivo nne nne, jumla 32. Ubahili unaonekana ukikodoa macho: lile wingu la juu na kichaka cha chini ni mchoro uleule, mmoja wamempaka nyeupe, mwingine kijani.

Sasa, kwa nini watoto waliozaliwa na simu ya kugusa mkononi bado wanagombania maneti ya mchezo huu? Jibu liko kwenye kuruka. Ukigusa kitufe cha A kidogo, Mario anaruka kidogo. Ukiishikilia, anapanda juu zaidi, kwa sababu programu inapunguza uzito wake anapopanda na kidole kikiwa bado kwenye A. Ukiachia, uzito unarudi. Kimo cha mruko, basi, kiko kwenye kidole chako. Ongeza mbio: ukishika B anakimbia, na akiruka akiwa mbioni anafika juu kuliko aliyeruka amesimama. Mario ana uzito wa mwendo pia. Hasimami papo hapo, anateleza kwanza. Ukiwa hewani unaweza kumvuta nyuma au kumsogeza mbele, lakini aliyeruka akitembea hawezi kupata mbio hewani hata ukibana B mpaka kidole kiume. Mbio zinachukuliwa ardhini. Wanaoanza hufa kwenye mashimo hapo hasa: wanafika ukingoni wakitembea, wanaruka, ndipo wanakumbuka B.

Dawa yake ni kidole gumba kimoja kilale juu ya vitufe vyote viwili. Ncha ikae kwenye B, haitoki, na kiungo cha kidole ndicho kibonyeze A. Siku ya kwanza inachosha mkono. Siku ya tatu hukumbuki tena.

Sikilizeni! Muziki umeharakisha. Saa ya mchezo ikifika 100, wimbo unakimbia. Simu inasema dakika 2 na sekunde 24. Shikeni namba hiyo, maana kwa anayetaka kununua mashine mjini hapa ina faida kuliko chochote kitakachoandikwa kwenye katoni.

Hesabu yake ni hii. Saa ya mchezo inapungua moja kila baada ya picha 24 ambazo mashine inachora kwenye tele. Mashine iliyotengenezwa kwa mfumo wa picha 60 kwa sekunde, yaani mwendo wa Japani na Marekani, inatumia sekunde 0.4 kwa kila namba. Kutoka 400 hadi 100 ni sekunde 120, dakika mbili kamili. Hii ya kwetu imetumia 144, maana yake ni ya picha 50 kwa sekunde huku kaseti imeandikwa kwa 60. Kila kitu ndani yake kinatambaa, muziki pia umelegea. Ukijifunza kuruka kwenye mashine kama hii, siku utakayoshika yenye mwendo halisi utaanguka shimoni kabla kidole hakijaamka. Kwa hiyo dukani mwombe muuzaji akuwashie, simama dakika mbili na nusu na simu yako. Akikataa kuiwasha, rudisha mfuko wako nyumbani.

Nirudi kwenye 1-1, kwa sababu nivo hii ni mwalimu asiyefungua mdomo. Mario anaanza kushoto na kulia ni peupe, basi unaenda kulia. Anakuja uyoga wa kahawia wenye miguu, Goomba. Usiporuka unakufa, na hasara ni sekunde chache tu. Mbele kuna matofali yenye alama ya kuuliza. Moja linatoa uyoga mwingine, huu wa kukukuza, lakini unafanana kidogo na yule aliyetaka kukuua. Mgeni anaogopa. Tazameni ulivyopangwa: unaenda kulia, unagonga bomba, unakurudia. Ukiruka kuukwepa, matofali ya juu yanakugonga kichwa na kukurudisha chini, mara nyingi juu yake. Umekua bila kutaka, na somo limeingia. Wabuni wengi wa leo wanajaza skrini maandishi na mishale, na bado mtoto haelewi.

Masikio pia yana kazi. Mashine ina sauti chache tu za kupiga kwa wakati mmoja, kwa hiyo Mario akiruka, mlio wa kuruka unaazima sauti moja ya wimbo kisha unairudisha. Kondo aliandika wimbo unaovumilia kukatwakatwa hivyo. Ukicheza vizuri, miruko inakuwa ngoma yake.

Makosa yapo, tusiyafiche. Skrini hairudi kushoto. Ukipita sarafu, umeziaga. Wachezaji wawili hawachezi pamoja, Luigi anangoja Mario afe. Kuanzia dunia ya 5 utakutana na nivo ulizokwisha kuziona: 5-3 ni 1-3 iliyotiwa pilipili, 7-2 ni 2-2, na ngome ya 6-4 ni ya 1-4. Kilobaiti zilikuwa zimeisha, naelewa, lakini kwangu hapo katikati mchezo unapoa. Halafu ngome za 4-4, 7-4 na 8-4 ni za kupotezana: ukichagua njia isiyo yenyewe unazungushwa palepale, na hakuna anayekwambia umekosea.

Tuje kwenye hizi mashine za kuiga zinazopangwa sokoni. Katoni inasema michezo 999999. Ukishuka kwenye orodha utakuta michezo michache inayojirudia kwa majina mengine, Mario yuleyule akianzia nivo tofauti. Hilo halina madhara. Yenye madhara ni haya. Maneti zake nyingi zina vitufe vinne, na viwili kati yake ni vya kujibonyeza vyenyewe haraka haraka. Mtoto akishika kile cha A, Mario anaruka chini chini kama amefungwa kamba, kwa sababu mashine inaona kidole kinaachia mara nyingi kwa sekunde moja. Mama, kabla ya kurudisha mashine dukani ukidhani ni mbovu, mwangalie mtoto anabonyeza kipi.

Picha ikitoka bila rangi, ingia kwenye mipangilio ya tele, mfumo wa rangi, toa SECAM jaribu PAL, kisha NTSC. Tele mpya za bapa zinachelewesha picha kwa kuirembesha. Tafuta hali ya mchezo na uiwashe, la sivyo utaruka na Mario ataruka baadaye. Chaja ikipotea, usichomeke yoyote inayoingia. Soma volti nyuma ya mashine, na utazame mchoro wa + na −, kwa sababu ikigeuzwa unaweza kuunguza mashine mara moja. Na kaseti isiposoma, msiipulize! Mate yanaozesha meno yake ya shaba. Chovya pamba ya masikio kwenye alkoli ya duka la dawa, pangusa, ngoja ikauke kabisa, ndipo uirudishe.

Kaseti hii haihifadhi chochote, na umeme wetu mnaujua. Basi mwenye saa moja ya umeme apite njia ya mkato. Kwenye 1-2, karibu na mwisho, panda juu ya dari, kimbia kulia kupita bomba la kutokea, utakuta mabomba matatu: dunia ya 4, ya 3 na ya 2. Chukua la 4. Kwenye 4-2 kuna tofali lenye mzabibu uliofichwa ndani. Ukiupanda unafika kwenye mabomba ya 6, 7 na 8.

Ukitaka roho nyingi, yaani nafasi za kufa na kuendelea, mwisho wa 3-1 kuna kobe wanaoshuka ngazi. Mkanyage mmoja akiwa ngazini, na gamba lake ligonge ukuta wa ngazi na kurudi chini ya miguu yako. Pointi zinapanda 100, 200, 400, mpaka 8000, kisha kila mkanyago ni roho. Zihesabu kwa mdomo na uache ukifika 100. Namba ya roho imekaa kwenye baiti moja, nafasi ndogo sana ya kumbukumbu. Ukizidisha sana mashine inaisoma kama hasi, na ukifa mara moja tu mchezo umekwisha.

Ukiishiwa roho zote kwenye dunia ya 8, usizime mashine. Subiri ukurasa wa kwanza urudi, shikilia A, bonyeza Start, na utaanzia 8-1.