Raynox DCR-250: Kioo Kidogo cha Kumkaribia Mdudu Aumaye

Pange, yule nzi mkubwa anayewasumbua ng'ombe na punda malishoni, ana uzuri ambao mtu hawezi kuujua kwa kumtazama akiwa amekauka juu ya pini katika sanduku la makumbusho. Akiwa hai, macho yake huwa na mistari ya rangi inayong'aa, ya kijani, ya zambarau na ya shaba, na mistari hiyo hufifia baada ya nzi kufa. Anayetaka kuiona hana budi kumfuata alipo, na kumkaribia kiasi cha kuumwa. Kwa misimu miwili ya mvua nimefanya kazi hiyo pembezoni mwa Nairobi kwa kutumia kioo kimoja kidogo, Raynox DCR-250, na nimeona nieleze kwa kina jinsi kinavyofaa, kwa sababu wengi wanaopenda wadudu hapa jijini huamini kwamba bila lenzi ya makro ya bei kubwa, yaani ile iliyotengenezwa kwa ajili ya vitu vidogo vya karibu, hakuna linalowezekana.

Kifaa chenyewe si lenzi kamili. Ni kioo cha kukuzia chenye vipande vitatu vya lenzi vilivyopangwa katika makundi mawili, kikiwa na nguvu ya diopta 8 (diopta ni kipimo cha nguvu ya lenzi kukunja mwanga), ambacho hubanwa mbele ya lenzi uliyo nayo tayari. Skurubu yake ni ya milimita 43, lakini huja na kishikio cha plastiki chenye springi mbili za kubonyeza pembeni, kinachoingia kwenye lenzi yoyote yenye mdomo wa milimita 52 hadi 67. Mimi hukibana kwenye Canon EF-S 55–250 mm, lenzi ya kawaida ambayo wapiga picha wengi wanaoanza huwa nayo, na ambayo mdomo wake ni wa milimita 58. Hesabu yake ni nyepesi: kioo cha diopta 8 kina urefu wa fokasi (umbali ambapo kioo hukusanya mwanga wa mbali) wa milimita 125, hivyo lenzi ikivutwa hadi milimita 250 na kuwekwa fokasi ya mbali kabisa, picha ya mdudu juu ya sensa, kile kibamba cha ndani ya kamera kinachopokea mwanga, huwa kubwa mara mbili kuliko mdudu mwenyewe. Kwa kamera yangu, ambayo sensa yake ina upana wa milimita 22 na kidogo, maana yake ni kwamba fremu nzima inabeba kitu chenye upana wa milimita 11 tu. Mbu mmoja huijaza karibu yote.

Kwa wadudu wanaouma, jambo la kuuliza kabla ya ukubwa wa picha ni umbali. Kioo hiki hukuacha sentimita 11 au 12 mbele ya mdudu, na umbali huo haubadiliki sana hata ukiongeza au kupunguza ukuzaji kwa kuvuta lenzi. Rafiki yangu aliniazima lenzi yake ya makro ya Canon ya milimita 100, ile yenye kizuia mtikisiko iliyotoka mwaka 2009, na picha zake ni safi zaidi hadi kwenye pembe za fremu. Lakini hiyo huishia ukubwa wa moja kwa moja, yaani picha juu ya sensa ni sawa na mdudu mwenyewe, na bei yake ni zaidi ya mara tano ya bei ya kioo hiki. Ile lenzi ya makro ya MP-E 65 mm ya kampuni hiyohiyo hufika mara tano, ila ukifika huko mdudu yuko sentimita 4 tu kutoka kwenye mdomo wa lenzi, na sijui pange wala siafu atakayekuvumilia hapo akiwa na nguvu zake zote.

Asubuhi iliyonishawishi kabisa ilikuwa upande wa Ngong, mahali ambapo ng'ombe hupelekwa kunywa maji, mvua za Novemba zikiwa zimeanza. Pange wa jenasi ya Haematopota, wenye mabawa ya kijivu yenye madoadoa, huja bila mvumo wowote. Unamtambua pale tu unapochomwa. Jike peke yake ndiye anyonyaye damu. Taya zake ni kama visu, hukata ngozi, kisha yeye hulamba damu inayotoka, na ndiyo sababu kidonda chake huendelea kuvuja hata akishaondoka. Nilimpata mmoja aliyetua juu ya jani la nyasi, nikalishika jani hilo kwa vidole vya mkono wa kushoto na kuegemeza lenzi juu ya mkono huohuo, ili mimi, jani na kamera tutikisike pamoja. Huu ndio utaratibu ninaomshauri kila anayenunua kioo hiki, kwa sababu katika ukuzaji wa mara mbili hakuna tripodi itakayokusaidia penye upepo, na fokasi haitafutwi kwa kuzungusha pete bali kwa kusogeza mwili mbele na nyuma kidogo sana huku pumzi imeshikwa. Kushika pumzi kuna faida ya pili, maana hewa tunayoitoa ndiyo inayowaonyesha wadudu wengi wanyonya damu mahali tulipo, na ikimpuliza aliye karibu humfukuza. Picha ya nane ilitoka. Mistari ya macho ilikuwa imepinda kama mawimbi, vijicho vidogo vidogo vinavyounda kila jicho vikihesabika kimoja kimoja, na nafasi kati ya macho mawili, ambayo kwa jike ipo na kwa dume wengi haipo kwa kuwa macho yao hugusana juu ya kichwa, ilionekana wazi kiasi kwamba jinsia ya mdudu haikuhitaji ubishi. Mchungaji, mzee aliyekuwa akinitazama kwa subira, aliitazama picha hiyo kwenye kioo cha kamera kwa muda mrefu, kisha akasema amewaua hao maisha yake yote na hakuwahi kujua kwamba wana macho.

Katika Msitu wa Karura nimekitumia kwa siafu. Baada ya mvua misafara yao hukatiza njia za kutembelea, na kandokando ya msafara askari wenye vichwa vikubwa husimama taya zikiwa wazi, wakijenga ukuta ambao ndani yake wafanyakazi hupita na mayai na mabuu. Wafanyakazi na askari hao hawana macho kabisa. Huongozwa na harufu na mguso, kwa hiyo kivuli cha kamera hakiwashtui, ila mtetemo wa mguu huwashtua mara moja. Umbali wa sentimita 12 hapa unatosha vizuri. Ingiza suruali ndani ya soksi, piga magoti juu ya ardhi uliyoikagua, na baada ya kila dakika chache simama utazame viatu vyako, kwa kuwa wakati jicho liko kwenye kamera wao huwa wamekwisha kupanda.

Mbu ni somo jingine, na hapa ndipo mwanga unapokuwa na uzito kuliko kioo chenyewe. Mimi huwapiga picha wakiwa wamepumzika ukutani au kwenye majani ya bustani, wala sipendekezi kumlisha mbu mkono wako kwa ajili ya picha, hasa yule Aedes mwenye miguu ya mistari myeupe anayeuma mchana, anayeweza kubeba virusi vya dengi. Ili kupata ukali wa kutosha ni lazima kufunga tundu la lenzi linaloingiza mwanga hadi f/11 hivi (namba ikikua tundu hupungua), na hata hapo sehemu inayoonekana kwa ukali haifiki nusu milimita. Ukilenga jicho, mwisho wa mrija utapotea. Mwanga wa jua wa saa nne hautoshi kwa kipimo hicho. Unahitaji flashi, na flashi hiyo ni lazima ilainishwe, la sivyo mgongo wa mdudu utatoa doa jeupe lililoungua. Nilikata plastiki nyeupe ya chupa ya maziwa ya lita tano, nikaikunja kama paa kuanzia kichwa cha flashi hadi juu ya mdomo wa kioo, na tangu siku hiyo manyoya ya vipapasio vya mbu dume, ambavyo ni kama unyoya wa ndege ukilinganisha na vile vyembamba vya jike, yamekuwa yakitoka moja baada ya jingine bila kuungua. Yeyote anayenunua kioo hiki bila kuwa na flashi atakilaumu bure.

Kina mipaka yake, na ni vyema mnunuzi aijue mapema. Kikiwa mbele ya lenzi, kamera haioni tena kitu chochote kilicho mbali, hivyo ndege akitua karibu nawe itabidi ukibandue kwanza. Ukirudisha lenzi hadi milimita 55, pembe za picha huingia giza, kwa kuwa kioo ni kidogo kuliko mdomo wa lenzi. Mimi sishuki chini ya milimita 100. Pembeni mwa fremu ukali hupungua, jambo ambalo kwa mdudu aliyewekwa katikati halinisumbui hata kidogo, ila anayepiga picha za stempu au sarafu ataliona.

Kuhusu kununua, nilikipata katika duka moja la kamera katikati ya jiji, na nilipofika nyumbani nikakuta boksi lina kioo peke yake bila kishikio cha springi. Ilinichukua safari tatu na maneno mengi kabla ya kupewa kilichokuwa changu. Fungua boksi pale kaunta, hakikisha vitu vyote viwili vimo pamoja na vifuniko, kibane kwenye lenzi yako mwenyewe na upige picha ya uzi wa shati lako kabla ya kutuma pesa.

Nimekwisha kumshauri binamu yangu, mwanafunzi wa zoolojia mwenye kamera ya mkono wa pili na lenzi kama yangu, akinunue hiki kwanza na fedha zinazobaki aziweke kwenye flashi. Mvua za Machi zikianza tutakwenda naye Ngong, kwa sababu sijapata bado picha ya pange dume, ambaye haumi na kwa hiyo hamfuati mtu wala ng'ombe, na itabidi tumtafute kwenye maua.