Kiwanja changu cha Mafia, ndani ya Hifadhi ya Bahari: dalali, kijiji na minazi ya bibi

Dalali nampa nyota moja, serikali ya kijiji nyota tano, kiwanja chenyewe nne. Naanza na kiwanja maana ndo watu wananiuliza kila siku.

Kipo kusini mwa kisiwa cha Mafia, upande wa Utende, ukisimama pale unaona kisiwa cha Chole mbele yako na kisiwa cha Juani nyuma yake. Eneo lote hilo liko ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Kisiwa cha Mafia, ilianzishwa 1995 na ndo hifadhi ya bahari ya kwanza Tanzania, kilomita za mraba 822, bahari na nchi kavu kwa pamoja. Na ndani yake kuna vijiji, watu wanaishi, wanavua, wanalima, wanazika, kwa hiyo usifikirie ni pori limekaa tupu linakusubiri wewe na hela zako.

Kufika ni safari. Kutoka Dar unashika barabara ya Kilwa, unakata Bungu kwenda Nyamisati, pale unapanda chombo mpaka Kilindoni, na chombo kinaenda na maji sio na saa yako, mi nilishasubiri nusu siku nzima. Ndege ni kama nusu saa ila begi la saruji halipandi ndege. Kilindoni mpaka Utende ni lami, kilomita kama 14, kabla hujafika unakuta geti la Hifadhi, mgeni analipa.

Sasa huyu dalali. Jina naliacha. Alinipeleka saa nne asubuhi, mwezi mpevu, maji yamekupwa kabisa, mchanga mweupe umeenda mbali mpaka unaona mashua zimelala ubavu, akanyoosha mkono akasema dada kuanzia mnazi ule mpaka chini kule yote yako, hii ni bichi ploti. Nikalainika, kiukweli nilishaona na kibaraza. Nikatoa milioni mbili ya kushikilia palepale. Jioni saa kumi nikarudi peke yangu nipige picha nimtumie mume wangu, nikakuta maji ya bamvua, yale makubwa ya mwezi mpevu na mwezi mwandamo, yamejaa, yanalamba mizizi ya ule mnazi wake wa mpaka, "kule chini kote" hakupo, ni bahari. Ukitaka kununua ufukweni nenda siku za bamvua, maji yakiwa yamejaa, uone mwenyewe yanaishia wapi. Maji mafu, zile siku yanajaa kidogo tu, hayakuonyeshi kitu.

Halafu kuna zile mita 60. Sheria ya Mazingira ya 2004 hairuhusu kujenga kitu cha kudumu ndani ya mita 60 kutoka ufukweni, na hiyo ni nchi nzima sio Mafia tu. Dalali aliniambia "hiyo ni ya mahoteli". Sio kweli. Nikamwita fundi, akashika ncha moja ya futikamba pale maji yalipoacha majani makavu, mi nikashika nyingine tukapanda juu tunahesabu, tukaweka kijiti kwenye 60, kijiti kikaangukia ndani kabisa ya pale alipokuwa ananionyesha sebule. Yaani karibu nusu ya kiwanja nilichouziwa hakijengeki. Bei ya nusu hiyo aliniwekea ileile.

Nilikaribia kuacha. Aliyeniokoa ni mtendaji wa kijiji, nilienda ofisini kwake nina hasira nikijua nae yumo. Akanikalisha, akanieleza kwa upole kwamba ardhi yote ni ya umma, Rais ndo mdhamini, mi nanunua haki ya kuitumia, na haki ya kimila haihami kutoka kwa mtu kwenda kwa mtu mpaka halmashauri ya kijiji ikubali, na kama kijiji chenyewe ndo kinakugawia basi lazima mkutano mkuu wa kijiji upitishe kwanza. Ile karatasi tuliyosainiana mi na dalali akaisoma mara mbili akaniambia, "Mwanangu, hii haina kijiji ndani yake." Akaita majirani wa mpaka wote, tukazunguka kwa miguu, mwenye shamba halisi akaja na mkewe, na mke akaulizwa mbele yetu kama ameridhika. Muhtasari ukaandikwa. Bei ikashuka maana sasa kila mtu anajua kipande gani kinajengeka. Na kabla ya kupiga hata jembe la kwanza akanituma ofisi za Hifadhi Utende na ramani yangu.

Siku ile ya kuzunguka mipaka ndo nikakutana na bibi. Alikuwa amekaa chini ya mnazi na panga lake, nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, halafu akauliza kama nimeambiwa habari ya minazi. Kumbe huku mnazi una mwenyewe na ardhi ina mwenyewe, baba yake bibi aliomba kupanda pale zamani, shamba limepita mikononi mwa watu ila minazi imebaki yao, kumi na moja, akanitembeza mmoja mmoja akiugonga kwa bapa la panga na kunitajia ni wa mtoto gani. Dalali aliijua hii habari, alizaliwa kijiji cha pili tu. Tukakubaliana mbele ya mwenyekiti kwamba minazi inabaki ya bibi na wajukuu zake, wanaingia kuangua muda wowote, na imeandikwa.

Ujenzi pia ujiandae. Matumbawe marufuku, zamani watu walikuwa wanayavunja baharini wanachoma chokaa na miamba iliteseka sana. Mikoko usiguse. Saruji, nondo na bati vyote vinavuka bahari, na bati la bei rahisi chumvi inalimaliza haraka. Kisima ukichimba karibu na bahari unakunywa chumvi, uliza jirani kwanza. Na muulize pia kimbunga Hidaya kilipopiga hapa tarehe 4 Mei 2024 maji na upepo vilifika wapi, mi walinionyesha kwa kidole na nikasogea nyuma zaidi. Taa za nje zinazoangalia bahari nimeziondoa kwenye mchoro, kasa wanataga Juani pale ng'ambo na vitoto vikitoka kwenye shimo vinafuata mwanga vinapotea.

Kwa nini nyota nne basi? Kwa sababu asubuhi maji yakitoka unaona akina mama wanashuka na vikapu vyao, jioni popo wa Chole wanapita juu yako, na kwa kuwa hakuna anayeruhusiwa kuharibu nina imani hata watoto wangu watakikuta hivihivi.

Ile milioni mbili dalali amerudisha laki nane, nyingine bado. Msingi tunachimba upepo wa kusi ukikata, mita 74 kutoka pale maji yanapoishia. Mnazi mmoja wa bibi uko katikati ya pale nilipotaka geti, kwa hiyo geti nimelisogeza.