Safari za wikendi kutoka Dar: ipi ununue kwanza na ipi uiache

Likizo ya mwezi wa sita na ile ya Disemba zikikaribia simu zinaanza, shangazi ana wageni kutoka Muscat, mwenzangu kazini anataka watoto wakaone simba, na swali ni lile lile, jamani tununue safari gani kutoka hapa Dar isiyotumaliza. Mi najibu hivi: kabla hujauliza bei uliza masaa. Unachonunua ni masaa ya kukaa na wanyama au na bahari, ya barabarani ni hasara. Kiingilio chenyewe kwa wazawa sio kikubwa kabisa, Mikumi mtu mzima ni 5,000, ukiweka VAT inafika 5,900, mtoto wa miaka 5 mpaka 15 ni 2,000 kabla ya VAT na wa chini ya hapo halipi. Hela inaliwa na gari, mafuta na kulala.

Hili nimejifunza kwa mama yangu na bado linaniuma. Tulinunua pakeji ya Mikumi ya kwenda na kurudi siku moja, bei rahisi, mnapanda Kosta. Tuliambiwa kuondoka saa kumi alfajiri, tukaondoka saa kumi na mbili kasoro maana walikuwa wanasubiri viti vijae, foleni Kibaha, chai Chalinze, chai nyingine Morogoro, tunaingia getini saa sita mchana jua liko utosini na wanyama wameshaingia vichakani kulala. Kosta haifunguki juu, na mama walimweka kile kiti cha kukunja cha katikati, mama mwenye magoti mabovu. Tembo alimuona kwenye simu ya abiria wa dirishani. Saa tisa tukaambiwa tugeuze. Masaa matatu hifadhini, siku nzima barabarani. Kwa hiyo ya siku moja kwa barabara naiweka ya mwisho kabisa, hata wakikupunguzia.

Ya kwanza kwangu ni Mikumi ya kulala, na uende na SGR mpaka Morogoro. Treni imeanza kubeba abiria 2024, nauli ya daraja la kawaida Dar mpaka Moro ilianzia 13,000, na haifiki masaa mawili umeshashuka. Stesheni ya Moro iko Kihonda sio mjini, kwa hiyo panga na dereva akupokee pale pale, halafu mnakamata barabara ya Iringa, ambayo inakatiza katikati ya hifadhi kilomita kama 50 na hapo mwendo umewekewa kikomo, matuta kibao, ukigonga mnyama unalipa faini na mabango pembeni yameandika kila mnyama bei yake. Lala Mikumi mjini ambako gesti zipo za kila mfuko, au kwenye nyumba za TANAPA, shirika la hifadhi za taifa, ndani ya hifadhi kama umewahi kubuku. Cha muhimu kesho yake saa kumi na mbili asubuhi geti linapofunguliwa muwe mmeshafika.

Nilimrudisha mama hivyo. Mbuga ya Mkata, humo humo ndani ya Mikumi, asubuhi ile ilikuwa na ukungu umekaa chini chini kwenye majani, viboko wanakoroma bwawani, halafu dereva akazima gari bila kusema kitu. Familia ya tembo, wanane tukihesabu na ndama, wanakula pembeni ya njia karibu mpaka unasikia majani yanavyokatika wakiyang'oa na wakiyapiga mguuni kukung'uta udongo kabla ya kutia mdomoni. Mama kashika chuma cha dirisha kwa mikono miwili, nusu saa nzima hakusema neno. Ile nusu saa ndiyo niliyoilipia.

Ya pili, Nyerere, na hapa usipungue usiku mbili. Hifadhi hii imemegwa kutoka pori la akiba la Selous 2019, ni kubwa ajabu, zaidi ya kilomita za mraba 30,000, na ina kitu Mikumi haina, boti kwenye mto Rufiji. Unapita karibu na mamba waliojianika kwenye mchanga, viboko, ndege wa kila rangi, na ukibahatika kwenye gari unakutana na mbwa mwitu ambao sehemu nyingi Afrika wameshaisha. Mbona sasa sijaiweka ya kwanza? Barabara. Unaenda Kibiti halafu unakata kuelekea Mloka mpaka geti la Mtemere, na kile kipande cha Mloka mvua ikinyesha ni tope la kukwamia, masika kambi nyingi zinafungwa kabisa. Nenda kati ya mwezi wa sita na wa kumi. Kambi za kijijini Mloka nje ya geti ni nafuu kuliko za ndani, ila kumbuka kila ukiingia hifadhini kibali kinahesabika, kwa hiyo muulize mwenye kambi bei aliyokupa ina viingilio vya siku ngapi na je safari ya boti imo au inalipiwa pembeni, maana hapo ndo watu wanashtukia wakiwa wameshafika.

Ya tatu Zanzibar, na najua wengi mngeiweka ya kwanza, mimi ningeiweka pia kama watu wangeuliza maji kabla ya kuuliza hoteli. Pwani ya mashariki, Paje, Jambiani, maji yakipwa yanaondoka mbali kweli, unakuta watoto wamevaa nguo za kuogelea wanaangalia matope na kinamama wa mwani masaa na masaa, na siku za bamvua ndio zaidi. Ukitaka kuogelea muda wowote chukua Nungwi au Kendwa kule kaskazini. Ukitaka utulivu, upepo na pweza wa nazi, Jambiani ni tamu kuliko zote. Tiketi ya boti kata dirishani au kwenye mtandao wa kampuni yenyewe, sio kwa yule kijana anayekukimbilia mlangoni anakushika begi, na beba kitambulisho. Mgeni wa nje ya nchi abebe pasipoti japo anatoka Dar, na toka Oktoba 2024 wageni kutoka nje wanatakiwa kuwa na bima ya Zanzibar ya dola 44, walipie mapema mtandaoni. Miezi ya kusi, ule upepo wa kusini, bahari inachafuka, mwenye kichefuchefu akae nyuma chini, sio juu mbele.

Saadani naipa ya nne. Ndiyo hifadhi ya taifa pekee huku Bara inayogusa bahari ya Hindi, mnapitia Bagamoyo, mnaona magofu ya Kaole njiani, boti mto Wami, jioni mnaoga baharini. Lakini usinunue kwa sababu ya picha ya tembo yuko ufukweni, hiyo inatokea kwa nadra, na wanyama hawajajaa kama Mikumi. Ni ya mtu anayetaka kupumzika.

Mafia sijaipanga kwa sababu sio ya wikendi. Papa potwe, yule samaki mkubwa kuliko wote duniani asiye na madhara, anaonekana zaidi Oktoba mpaka Machi karibu na Kilindoni. Kwa ndege ni kama nusu saa, kwa boti unaenda mpaka Nyamisati kwanza halafu bahari ndo iamue. Jipe siku nne au usiende. Na kama una siku moja tu na elfu chache, usijitese na barabara, nenda Mbudya kwa boti kutokea Kunduchi, kula samaki wa kukaanga, rudi.

Sasa kununua kwenyewe. Kampuni ya safari inatakiwa iwe na leseni ya TALA ya Wizara ya Maliasili, omba uione, aliyenayo hanuni. Malipo yaende akaunti au lipa namba yenye jina la kampuni, kwenye namba ya mtu binafsi usitume hata kianzio, watu wametuma na Ijumaa simu haipatikani. Bei waandike imebeba nini: viingilio, kiingilio cha gari ambacho kinategemea uzito, mafuta, chakula, maji, malazi ya dereva. Uliza gari gani na mmekaa wangapi, Landkruza ya kufunguka juu watu sita kila mtu dirisha lake. Hifadhini hawapokei keshi, ni kadi au kontroo namba. Na mtu akikung'ang'aniza dola wewe mzawa kataa, toka Machi 2025 kanuni inataka bidhaa na huduma hapa nchini zitajwe bei na zilipwe kwa shilingi. Kama unaleta wageni wa nje ya Afrika Mashariki bajeti yao ni nyingine kabisa, Mikumi kiingilio chao ni dola 30 kabla ya VAT.

Usalama, niseme wazi kwa wanaopokea wageni: hatari kubwa ya safari zetu sio simba, ni kukimbiza gari usiku. Usikubali dereva aendeshe usiku barabara ya Morogoro kisa kuwahi. Hapa mjini simu isiwe mkononi upande wa barabarani, wa pikipiki wanapita nayo, na mkoba uvaliwe bega la ndani. Chandarua, na dawa za kinga ya malaria kwa wageni waanze kabla hawajapanda ndege. Mbung'o wanafuata nguo za bluu na nyeusi, vaeni kaki au kijani. Mifuko ya plastiki marufuku toka 2019, waambie wasipakie. Stone Town mabega na magoti yafunikwe, Ramadhani msile hadharani mchana.

Na tiketi ya treni ya kurudi Jumapili jioni kata siku ile ile unayokata ya kwenda, zinaisha mapema, mi nimeshawahi kurudi na basi lililoingia Mbezi saa saba usiku na watoto wamelala mapajani.