Masta ya pili ukiwa na miaka 45: je, OMSCS ya Georgia Tech inakufaa?

Wanaofikiria masta ya pili huanza kuuliza ada. Kwa OMSCS, shahada ya uzamili ya sayansi ya kompyuta ambayo Georgia Tech ya Atlanta inaifundisha kwa intaneti tangu Januari 2014, ada ndiyo hoja nyepesi: ilianza kwa takriban dola 7,000 kwa programu nzima, na hata ilipopanda bado iko chini ya 10,000. Kinachoamua ni muda.

Kozi ni 10, za yuniti 3 kila moja. Yuniti za masta yako ya kwanza hazihamishwi. Mwenye kazi na familia achukue kozi moja kwa muhula: akisoma na muhula wa kiangazi, ulio wa tatu kwa mwaka, atamaliza kwa miaka mitatu na ushee, akikiruka ni mitano. Ukomo ni miaka sita, kwa hiyo anayeruka viangazi amejiachia mwaka mmoja tu wa ugonjwa, msiba au uhamisho.

Wengi hukwama mwanzoni. Ndani ya miezi 12 ya kwanza lazima upate angalau alama B katika kozi mbili za msingi. Mtu aliyekaa na MBA miaka kumi bila kuandika msimbo hujitupa kwenye mifumo endeshi, CS 6200, kumbe miradi yake ni ya lugha ya C. Aanze na CS 6300, ya utengenezaji wa programu. Afadhali zaidi, kabla ya kuomba nafasi asome kozi za Java na miundo ya data ambazo chuo hichohicho kimeziweka edX, jukwaa la kozi za mtandaoni. Vyeti vyake husaidia hata kwenye maombi.

Kikwazo cha pili ni kozi ya algorithimu (hatua za kutatua matatizo kwa kompyuta), CS 6515. Nafasi hujaa upesi na waliokwisha kumaliza kozi nyingi hutangulia kujisajili, hivyo wengi huipata mwishoni kabisa. Mchepuo wa ujifunzaji wa mashine unadai B humo. Ukipata C, unairudia au unahamia mchepuo usioidai.

Mitihani mingi husimamiwa kwa kamera. Hubaki wazi siku kadhaa, basi usingoje saa ya mwisho umeme ukatike. Kazi inayofungwa saa sita usiku Atlanta, Dar na Nairobi hufungwa saa 1 asubuhi. Novemba, Wamarekani wakirudisha saa nyuma, inakuwa saa 2.

Cheti hakitaji kwamba ulisoma mtandaoni. Hata hivyo, kama ni kwa ajira ya serikali Tanzania, iulize TCU, Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, kuhusu utambuzi wa shahada hii kabla hujalipa.

Kwa meneja wa TEHAMA benki au mhandisi anayetaka kurudi kuandika msimbo mwenyewe, tunaipendekeza bila kusita. Anayetafuta kupandishwa daraja asome kwanza muundo wa utumishi wake, maana mara nyingi panapotakiwa masta, moja inatosha. Na mwenye ndoto ya kufundisha chuo kikuu aelekeze miaka hiyo kwenye PhD.