Leigh au Burnley: matembezi ya siku moja kutoka Manchester

Miji hii yote miwili, kaskazini mwa Uingereza, iliishi kwa makaa ya mawe na pamba. Tofauti ni kwamba Leigh ilisifika kwa kusokota nyuzi, Burnley kwa kufuma nguo.

Leigh haina treni tangu 1969. Unapanda basi ambalo, tangu 2016, lina njia yake maalumu, kingo za zege zikiongoza magurudumu. Burnley treni ipo, moja kwa moja. Kwa usafiri, basi, Burnley inashinda.

Kwa viwanda pia, nadhani. Queen Street Mill, kitongojini Harle Syke, kilifuma kwa nguvu ya mvuke hadi 1982, na sasa ni makumbusho (tazama ratiba kwanza, hakifunguliwi kila siku). Mashine za kufumia zimepangwa safu kwa safu, mikanda ya ngozi ikishuka kutoka darini. Zikiwashwa chache tu, humsikii aliye ubavuni mwako. Ndiyo maana wafumaji walizoea kusomana midomo. Leigh Spinners, jengo kubwa la matofali lililoanza 1913, linapendeza kulitazama, lakini mashine hizo za kufumia halina.

Migodi ya Leigh ilidumu zaidi. Parsonage ilifungwa 1992, Hapton Valley ya Burnley 1982. Na Leigh ina Pennington Flash: ardhi iliyochimbwa chini ilididimia, maji yakajaa, likawa ziwa. Leo watu huja na darubini kutazama ndege.

Mpira? Burnley ni soka, Leigh ni raga. Ukiwa na watoto wadogo, nenda ziwani.