TP-Link TD-W8961N kwenye laini ya simu ya nyumbani: anzeni na waya

Assalamu alaykum watazamaji wangu, karibuni. Hii niliyoishika ni TP-Link TD-W8961N, rauta yenye modemu ya ADSL, yaani neti inayopita kwenye waya wa simu, humo humo ndani. Nimekaa nayo wiki tatu nyumbani kwa mama, hapa Mji Mkongwe, Unguja. Wengi mmeniuliza kama bado kuna haja ya kununua kifaa cha laini ya simu. Kama waya wa simu nyumbani kwenu ni mzima na fiber haijafika mtaani, mimi nasema nunueni. Lakini huo waya mniachie niuzungumzie kwa kirefu, maana ndio unaowapotezea watu pesa.

Tuigeuze nyuma. Tundu hili dogo ni la waya wa simu, haya manne ni ya kebo za kompyuta. Antena mbili, waifai ya 2.4 GHz pekee. Boksi limeandikwa Mbps 300. Hiyo ni kasi ya waifai, si ya neti. ADSL2+, aina ya ADSL inayotumiwa na rauta hii, ikienda sana ni Mbps 24 kushusha na kama 1 kupandisha, tena nyumba iwe karibu na kituo cha simu. Waya ukirefuka, kasi inashuka.

Sasa kuifunga. Waya ukitoka ukutani unaingia kwenye splita, hiki kidude cheupe kinachotenganisha sauti na data. Huku simu ya mezani, huku rauta. Splita msiiache, nawaombeni. Sauti inapita chini ya 4 kHz, data inapita juu yake hadi 2.2 MHz, na waya ni huo huo mmoja. Bila splita, simu ikiita tu neti inakatika. Kwa mama ilikuwa hivyo miezi mingi, na lawama zote zikaenda kwa rauta ya zamani.

Washa, halafu tazama taa ya ADSL. Ikipepesa, bado inaitafuta laini. Ikitulia, imeshika. Kama haijatulia, waifai achana nayo kwanza.

Ikishatulia, chomeka kebo kwenye kompyuta, fungua brauza, andika 192.168.1.1. Jina admin, nywila admin. Ingia Quick Start, chagua PPPoE, yaani njia ya kuingia kwenye neti kwa jina na nywila, jaza jina na nywila ulizopewa na kampuni yako, pamoja na namba mbili za VPI na VCI, zinazoionyesha rauta njia ya data kwenye laini. Namba hizo kila kampuni ina zake, kwa hiyo ulizeni mapema, mziandike kwenye karatasi na kuibandika chini ya rauta. Waifai wekeni ulinzi wa WPA2, na ile nywila ya admin mwibadilishe siku hiyo hiyo. Dakika kumi mmemaliza.

Hapa sasa nasogeza kamera. Ukurasa wa Status, chini kabisa. Mnaona SNR Margin? Hiyo inaonyesha laini imeizidi kelele ya kwenye waya kwa kiasi gani. Ikishuka chini ya desibeli 6, laini inaanza kukatika ovyo. Siku ya kwanza ilisoma 5, na kasi ilikuwa Mbps 3.1, wakati mama analipia Mbps 8! Nikafuata waya ukutani kwa mkono mpaka chumba cha juu. Nyuma ya kabati nikakuta soketi ya zamani, haitumiki, shaba imeota kutu ya kijani, na bado imeungwa kwenye laini. Nikaikata. Nikarudi chini, nikawasha upya: SNR 12, kasi ikajaa Mbps 8. Rauta ile ile, kampuni ile ile.

Kwa hiyo kabla hamjatoa hata shilingi, chomekeni rauta mliyonayo kwenye soketi ya kwanza pale waya unapoingia nyumbani, msome namba hiyo ya SNR.

Waifai yenyewe? Sebuleni safi. Ila kuta zetu hizi za mawe ya matumbawe na chokaa ni nene, na ukuta wa pili tu simu inabaki na mstari mmoja wa waifai. Msirefushe waya wa simu ili kuisogeza rauta. Iacheni karibu na soketi, vuteni kebo ya kompyuta hadi ukumbini, muweke kituo kingine cha waifai huko. Kama majirani wamejaa hewani, jaribuni chaneli 1, 6 au 11.

Ninachokipenda ni jinsi inavyoing'ang'ania laini dhaifu, na ule ukurasa wa Status usioficha kitu. Nisichokipenda ni kukosa 5 GHz. Na kama mtaani kwenu wameshaanza kuchimba mitaro ya fiber, msinunue, subirini.

SNR yenu ikiwa chini ya 6, niandikieni hapo chini, mtaje na nyumba ina soketi ngapi. Nitawajibu mmoja mmoja.