Msumeno wa mkanda wa mtumba: kilichonikera ni kile kiungo

Bledi, yaani ule utepe wa meno unaoungwa ncha kwa ncha uwe duara, imekatika mara tatu. Mara tatu, na zote palepale, pembeni kidogo ya kiungo, umbali usiozidi upana wa ukucha. Naanza na hilo kwa sababu ndilo lililonikalisha chini kuandika, na kwa sababu aliyeniuzia alinijibu mbele ya vijana wake: "Mzee, mashine inataka watu wanaozijua mashine."

Nimeshika tupa tangu nikiwa kijana pale chuo cha ufundi Chang'ombe. Nimestaafu, nina wajukuu, na madirisha na mageti niliyotengeneza yapo mitaani hadi leo. Sikustahili jibu lile.

Mashine yenyewe nimeinunua Gerezani, hapa Dar es Salaam, baada ya mvua kwisha. Ni ile ndogo ya kukatia chuma cha hadi inchi 4 kwa 6, ambayo mafundi wengi wanaijua, imekuja na kontena kutoka Uingereza. Umeme wake ni uleule wa kwetu, na plagi yake ya pini tatu imeingia kwenye soketi ya nyumbani bila kubadilisha chochote. Kilichonisukuma kuitafuta ni kelele za grinda. Karakana yangu ni banda la nyuma huku Kitunda, ukuta mmoja na jirani mwenye kichanga. Ukikata skwea paipu za geti zima kwa grinda, mtoto halali, cheche zinafika kwenye kamba ya nguo, na kila kipande unakirudia kwa tupa kuondoa makapi. Nilitaka kukata kimyakimya, na nikate sawa.

Siku ya kununua nilipokelewa vizuri sana. Shikamoo mzee wangu, kiti, maji ya chupa. Akawasha mashine, ikanguruma vizuri, akakata kipande cha nondo mbele yangu. Nikatoa milioni moja na laki moja taslimu. Akanipa na bledi mbili mpya, ambazo alizikata kwenye roli na kuziunga mwenyewe dukani. Shikamoo ile ndiyo ilikuwa ya mwisho kuisikia kwake.

Kuiandaa kulinichukua karibu wiki nzima na sikulalamika, mtumba ni mtumba. Miguu yake ya bati ilikuwa inacheza, nikaitupa na kuchomelea stendi ya engo. Nilipofungua giaboksi, oili ilikuwa nyeusi na nzito kama lami, ndani yake kuna vumbi la njano linalong'aa. Vumbi lile ni la gia ya shaba inayosagwa na skrubu yake ya chuma. Likiwa kidogo halina neno, yakija mapande ndiyo uogope. Nikasafisha kwa dizeli, nikaikausha, nikaweka oili ya gia namba 90. Kipande cha kwanza nilichokikata kikatoka kimeegemea karibu milimita 3. Kosa halikuwa la mashine. Beringi zinazoongoza bledi zilikuwa zimehamishwa na mtu asiyejua. Zile za upande mmoja zinakaa kwenye bushi ambayo kitovu chake hakipo katikati, ukiizungusha beringi inasogea. Nimezungusha kidogokidogo, nimeweka skwea ya kupimia pembe kati ya meza na bledi, nimekata, nimepima, nimerudia. Mpaka jioni kosa halikufika hata nusu milimita. Nilifurahi mpaka nikamwita mke wangu aje aone.

Kesho yake bledi ikakatika kabla sijamaliza paipu ya pili. Mlio wake kama bakora kwenye bati.

Mara ile ya kwanza nilijilaumu. Nikasema labda nimekaza sana, labda beringi zinaibana. Nikalegeza robo mzunguko, nikafunga bledi ya pili, nikahakikisha meno yanaelekea inakokwenda bledi na mgongo wake unapita karibu na ukingo wa gurudumu bila kuusugua. Ikafanya kazi siku mbili, ikakatika. Palepale pa kiungo. Hapo nikachukua miwani. Pale ilipokatika palikuwa pa kijivu, punjepunje kama sukari, chuma hakikuvutika hata kidogo. Nikapitisha tupa mgongoni mwa bledi: mbali na kiungo tupa inauma, karibu na kiungo inateleza kama iko juu ya kioo.

Fundi yeyote akisikia hivyo ameshaelewa. Bledi ikiungwa kwa umeme, ncha zinakuwa nyekundu, halafu zinapoa ghafla kwa kuwa ni nyembamba na zimebanwa kwenye taya za mashine. Chuma cha namna ile kikipoa ghafla kinakuwa kigumu na kinavunjika kama sahani. Ndiyo maana mashine za kuungia bledi zina kitufe kingine, cha kukirudishia kiungo moto mpaka kifikie wekundu uliofifia, halafu ukiachie kipoe polepole. Yeye kitufe hicho hakukigusa. Kazi ya dakika chache tu!

Nilipanda daladala nikamrudia na vipande vyote viwili, nimevifunga kwenye gazeti. Sikwenda kugombana. Nilitaka kumwonyesha, fundi kwa fundi. Hakuvishika. Alikuwa anaongea na simu, akamaliza, akaniangalia, akasema bledi ni kama wembe, ikishatoka dukani hairudi. Nikamwambia kuhusu tupa inayoteleza. Ndipo akatamka yale maneno niliyoyataja, na kijana mmoja akacheka. Cha kuniuma zaidi ni kwamba nilihitaji bledi kwa kazi ya mtu, nikalipa nyingine ya tatu palepale, na nikasimama nikimtazama akiiunga. Bonyeza mara moja, cheche, akaitoa, akapitisha kwenye jiwe, akanirushia. Nikamwomba airudishie moto. Akasema, "Mzee, unanipotezea muda."

Hiyo ya tatu haikumaliza hata saa moja.

Kwa hiyo nilikuwa nimeamua kuandika kwamba msinunue mashine hizi za mtumba kabisa. Nimeandika sentensi hiyo nikaifuta, kwa sababu si kweli. Jirani alinielekeza kwa mzee mmoja Keko anayenoa na kuunga misumeno ya mbao kwa maseremala. Nilimpelekea bledi ya pili. Akakata kipande kilichoharibika pande zote mbili, akaongezea kingine cha meno yaleyale ili urefu usipungue, akaunga, halafu akarudishia kila kiungo moto mara tatu, kila mara akiachia polepole na kupunguza. Akasawazisha kiungo kwa tupa ili kisigonge kwenye beringi. Mwisho akakishika kile kiungo kwa mikono miwili, akakikunja kama upinde mbele ya macho yangu, akakiachia. Kikarudi kimenyooka. "Sasa chukua, kaka," akasema. Nusu saa nzima, na pesa aliyonidai haikutosha hata nauli ya safari zangu za Gerezani.

Bledi hiyo ipo kwenye mashine mpaka leo. Nimekata nayo geti mbili na madirisha ya nyumba nzima, usiku mwingine mpaka saa 4, na mama wa kichanga ameniuliza kama nimeacha kazi. Vipande vinatoka baridi, vimenyooka, hata tupa naigusa kidogo tu. Namshukuru Mungu kwa mashine hii. Ningeulizwa leo, ningeinunua tena.

Lakini ningeinunua kwake? Hapa ndipo ninapokwama. Aliyeileta mashine nzuri kiasi hiki ni yeye, hilo haliondoki. Bei ilikuwa ya haki, hilo pia nakubali. Kisha nakumbuka yule kijana alivyocheka, nakumbuka bledi iliyorushwa kwenye meza kama unamrushia mbwa mfupa, na damu inachemka upya. Mkienda, kwa kuwa najua mtakwenda, kataeni bledi anazounga yeye. Chukueni mashine, bledi peleka kaungiwe kwingine. Na kama mtakubali ya kwake, kunjeni kile kiungo hapohapo dukani kabla ya kutoa pesa, ikatike mikononi mwake.

Vipande vya ile ya kwanza na ya tatu nimevitundika kwenye msumari mlangoni. Juzi nimeambiwa ameshusha drili ya kusimama, nzito, ya chuma cha kalibu, ambayo nimeitafuta miaka. Nimepita mbele ya duka lake mara mbili. Nimeiona kwa mbali. Sijaingia.